Kuchoma diski itakayofunguka kwenye Windows, Mac na Linux

Diski inayogoma kufunguka kwa mpokeaji mara nyingi haina mkwaruzo wala vumbi. Tatizo lake lilianza siku ilipochomwa. Aliyeichoma alikubali chaguo la kwanza alilowekewa na kompyuta yake, kompyuta ikaandika kwa utaratibu inaouelewa yenyewe, na diski ikasomeka vizuri palepale. Ikifika kwa mtu mwenye mashine ya aina nyingine, anaambiwa diski ni tupu au haitambuliki, ilhali mafaili yote yamo ndani.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo. Tuseme harusi imefanyika Tanga, na studio inatakiwa kutoa diski za picha na video. Nakala moja inakwenda kwa shangazi aliyeko Muscat, mwenye kompyuta ya Windows iliyozeeka. Nyingine inakwenda kwa kaka aliyeko Toronto anayetumia Mac, nyingine kwa mpwa aliye chuoni anayetumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, na bibi mzaa bwana harusi ana deki tu sebuleni. Mchomaji hawezi kuzijaribu mashine zote hizo. Anachoweza ni kuchoma diski ambayo kila moja ya zile kompyuta tatu itakuta ndani yake utaratibu inaoujua. Deki ina mambo yake, nitaifikia.

Kilichomo ndani ya diski

Kila diski ya data ina mfumo wa faili, yaani orodha inayoieleza kompyuta kila faili linaitwaje, linaanzia wapi na lina urefu gani. Habari njema ni kwamba diski moja inaweza kubeba orodha zaidi ya moja, zote zikielekeza kwenye mafaili yaleyale. Picha inaandikwa mara moja, majina yake yanaandikwa mara mbili au tatu kwa mitindo tofauti, na kila kompyuta inachukua mtindo wake. Mwongozo wote huu unasimama juu ya jambo hilo.

Mtindo mkongwe ni ISO 9660. Mwaka 1985 wawakilishi wa kampuni kadhaa, zikiwemo Apple, Microsoft, Philips na Sony, walikutana katika hoteli ya High Sierra kando ya ziwa Tahoe huko Nevada, Marekani, wakubaliane namna moja ya kupanga mafaili kwenye CD. Kazi yao ndiyo iliyozaa kiwango cha ISO 9660 kilichotolewa mwaka 1988. Walikuwa na kazi ngumu, maana kompyuta za wakati ule hazikukubaliana hata juu ya namna ya kuandika namba: zile zenye prosesa za Intel zilitanguliza baiti ndogo, na Macintosh zenye prosesa za Motorola zilitanguliza baiti kubwa. Suluhisho lao ni la busara sana. Namba muhimu kwenye diski inaandikwa mara mbili mfululizo, mara moja kwa kila utaratibu. Unaweza kuliona hilo kwa macho yako. Ukubwa wa kipande kimoja cha diski ni baiti 2048, na ukilichungulia faili lolote la ISO (diski nzima iliyohifadhiwa kama faili moja) kwa amri hii ya Linux au Mac:

`dd if=harusi.iso bs=1 skip=32896 count=4 | xxd`

utaona `0008 0800`. Hiyo ni 2048 iliyoandikwa kwa Intel, ikafuatiwa na 2048 iliyoandikwa kwa Motorola.

Udhaifu wa ISO 9660 uko kwenye majina. Kiwango chake cha chini kabisa kinaruhusu herufi 8, nukta, kisha herufi 3, tena herufi kubwa za A hadi Z, tarakimu na mstari wa chini peke yake. Kwa hiyo "Kuingia kwa Bibi Harusi.mp4" na "Kuingia kwa Wazee.mp4" yanakatwa na kuwa kitu kama KUING000.MP4 na KUING001.MP4. Kiwango cha 2 kinafika herufi 31, lakini bado hakina nafasi ya majina ya kawaida ya watu.

Viongezo vikaja kuziba pengo hilo. Joliet ni ya Microsoft, ilikuja zama za Windows 95, inabeba majina ya hadi herufi 64 na inakubali maandishi ya Kiarabu, Kichina na mengineyo. Rock Ridge ilitoka upande wa Unix na ndiyo Linux inayoitanguliza. Inabeba majina marefu, haki za mafaili na tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Mac inasoma ISO 9660 na Joliet bila shida, ingawa ina mtindo wake pia, HFS+, ambao Windows haiuelewi kabisa bila programu ya ziada. Mwisho kuna UDF, iliyotungwa miaka ya 1990 na ndiyo inayotumika kwenye DVD za filamu na Blu-ray. UDF ina matoleo, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa: Windows XP inasoma hadi toleo la 2.01 tu, kwa hiyo diski ya toleo la 2.50 kwake ni sahani tupu.

Hatua ya 1: Safisha folda

Kusanya kila kitu ndani ya folda moja, tuiite `harusi`. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye folda za kazi zilizotawanyika, maana hutajua kilichoingia na kilichobaki.

Majina yafupishe. Chini ya herufi 64 ni lazima ukitaka Joliet iyabebe yote bila kuyakata. Mimi nahimiza chini ya 30. Tumia herufi za kawaida, tarakimu, kistari na mstari wa chini. Alama hizi zisiwemo kabisa: `\ / : * ? " < > |`. Linux inaziruhusu karibu zote, na Mac inaruhusu nyingi, ndiyo maana zinapenya bila aliyepanga mafaili kujua, Windows inazikataa. Jina lisiishie na nukta wala nafasi. Lisiitwe CON, AUX, NUL wala PRN, hata likiwa na kiambishi cha .jpg, kwa sababu Windows imeyahodhi majina hayo tangu enzi za DOS.

Angalia pia majina yanayotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Ndani ya Linux, `Maulid.jpg` na `maulid.jpg` ni picha mbili zinazokaa pamoja kwa amani. Shangazi akizinakili kwenye kompyuta yake ya Windows, ya pili itataka kuifuta ya kwanza. Nasisitiza jambo hili kwa sababu halitoi onyo lolote wakati wa kuchoma. Hasara inatokea kwa mpokeaji, naye hajui kwamba kulikuwa na picha mbili.

Kama mna majina ya Kiarabu, kwa mfano kaswida zilizoandikwa kwa hati yake, yaache yalivyo, lakini weka tarakimu mbele: `01`, `02`, `03`. Joliet na Rock Ridge zitayabeba vizuri. Mashine inayosoma ISO 9660 tupu itaona mistari ya chini badala ya herufi za Kiarabu, na hapo zile tarakimu ndizo zitakazomwongoza msikilizaji.

Folda ndani ya folda zisizidi 8 kwenda chini. Ngazi mbili au tatu zinatosha kwa harusi yoyote.

Ukiwa kwenye Mac, futa mafaili yaliyofichwa kabla ya kuendelea:

`find harusi -name .DS_Store -delete`

Kama folda ilipita kwenye fleshi iliyotumika kwenye Mac, utakuta pia mafaili yanayoanza na `._`, moja kwa kila picha. Kwenye Windows yanaonekana kama picha zilizoharibika, na mpokeaji anapiga simu kulalamika kwamba nusu ya picha hazifunguki. Yafute:

`find harusi -name "._*" -delete`

Hatua ya 2: Aina ya mafaili yenyewe

Diski ikifunguka na mafaili yasifunguke, umefanya nusu ya kazi. Picha ziwe JPEG. Hizi za HEIC zinazotoka kwenye iPhone zigeuze kwanza, kwani kompyuta ya shangazi haitazijua. Video iwe MP4 yenye H.264 (namna ya kubana video) na sauti ya AAC. Ratiba na hotuba ziwe PDF. Maelezo mafupi yaweke kwenye faili la maandishi matupu lililohifadhiwa kwa UTF-8. Sauti ya kutunzwa kwa miaka iwe WAV au FLAC, na nakala ya MP3 kwa kusikiliza tu.

Hatua ya 3: Amua mchanganyiko

Hapa uamuzi unategemea faili kubwa kuliko yote uliyonalo. ISO 9660 inaandika urefu wa faili kwa namba ya biti 32, kwa hiyo faili moja haliwezi kuvuka baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 za kompyuta. Kiwango cha 3 kinaruhusu faili kubwa lichomwe kwa vipande vilivyoungwa, lakini si kila mashine inavisoma vizuri.

Kama hakuna faili linalofikia hapo, tumia ISO 9660 pamoja na Joliet na Rock Ridge. Huu ndio mchanganyiko ninaouamini kuliko mwingine wowote kwa diski inayokwenda kwa watu wasiojulikana. Windows 95 inaufungua, Mac inaufungua, Linux inaufungua, hata baadhi ya redio za magari zinaufungua.

Kama lipo faili kubwa zaidi, ushauri wangu ni kuligawa: sherehe ya jioni iwe sehemu mbili. Hiyo pia inamsaidia mpokeaji atakayetaka kuihamishia kwenye fleshi, maana fleshi nyingi zina mfumo wa faili wa FAT32, nayo ina mpaka huohuo. Ikishindikana kugawa, ongeza UDF toleo la 1.02 juu ya ISO 9660. Toleo hilo ndilo la DVD za filamu, kwa hiyo linajulikana kila mahali. Usichague toleo la 2.50 au 2.60 kwa sababu tu ni jipya.

Pima nafasi pia. CD ya kawaida ni MB 700. DVD iliyoandikwa GB 4.7 kwenye kasha, kompyuta ya Windows itakuambia ni GB 4.37, hujapunjwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. DVD ya tabaka mbili imeandikwa GB 8.5, Windows inaisoma kama 7.95.

Hatua ya 4: Tengeneza faili la ISO kwanza

Usiburute mafaili moja kwa moja kwenye diski. Tengeneza faili la ISO, likague, kisha ulichome mara tatu kwa nakala tatu za kompyuta. Zote zitakuwa sawa mpaka baiti ya mwisho.

Kwenye Linux, baada ya kusakinisha genisoimage:

`genisoimage -V HARUSI_TANGA -J -R -o harusi.iso harusi/`

Herufi `-J` ni Joliet, `-R` ni Rock Ridge. Jina la diski baada ya `-V` liwe na herufi kubwa, bila nafasi, lisizidi herufi 16, kwa kuwa huo ndio mpaka wa Joliet. Ukihitaji UDF kwa ajili ya faili linalovuka GB 4, ongeza `-udf -allow-limited-size`. Utakuta watu wakishauri `-joliet-long`, inayoruhusu majina hadi herufi 103. Hiyo iko nje ya kiwango, na kama ulizingatia hatua ya 1 huna haja nayo. Kwa mifumo isiyo na genisoimage, xorriso inapokea karibu amri ileile ukianza na `xorriso -as mkisofs`, ila yenyewe haitengenezi UDF.

Kwenye Mac fungua Terminal, kisha andika:

`hdiutil makehybrid -iso -joliet -default-volume-name HARUSI_TANGA -o harusi.iso harusi`

Usitengeneze faili la .dmg ukalichoma kama lilivyo. Hilo ni la Mac kwa Mac.

Kwenye Windows hakuna amri ya ndani ya kutengeneza ISO kutoka kwenye folda, kwa hiyo unahitaji programu. ImgBurn ni ya bure na inakupa uamuzi wote: chagua "Create image file from files/folders", ongeza folda yako, nenda kwenye "Options", na kwenye "File System" chagua "ISO9660 + Joliet". Ukihitaji UDF chagua "ISO9660 + Joliet + UDF" na uweke "UDF Revision" kuwa 1.02. Wakati wa kuisakinisha soma kila dirisha kabla ya kubofya, kwa sababu baadhi ya mitandao inaipakia pamoja na programu nyingine ambazo hukuziomba.

Kama huna programu na huna intaneti, Windows yenyewe inaweza kuchoma. Ukiingiza diski tupu inakuuliza utaitumiaje. Chaguo linalosema "Like a USB flash drive" ndilo chanzo kikubwa cha diski zisizofunguka kwa wengine: linaandika UDF ya kuongezewa-ongezewa, na mashine nyingine nyingi hazitaisoma vizuri. Chagua "With a CD/DVD player", weka mafaili yote, ndipo ubofye "Finish burning". Inachoma kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kuchoma

Kwenye Linux, amri hii inakuonyesha kilichomo:

`isoinfo -d -i harusi.iso`

Tafuta mistari inayosema "Joliet" na "Rock Ridge" na kwamba zimepatikana. Kisha iangalie orodha kwa macho ya kila mashine. `isoinfo -l -J -i harusi.iso` inaonyesha majina kama Windows itakavyoyaona. Ukiweka `-R` badala ya `-J` unaona ya Linux. Ukiondoa vyote viwili unaona ISO 9660 tupu, yale majina mafupi yenye `;1` mwishoni. Hiyo `;1` ni namba ya toleo la faili, inaruhusiwa na kiwango; usishtuke. Soma orodha ya Joliet jina kwa jina. Kama kuna jina lililokatwa katikati, rudi hatua ya 1.

Kwenye Windows 8 na kuendelea, na kwenye Mac, bofya faili la ISO mara mbili litafunguka kama diski. Fungua picha chache za folda ya mwisho, na video moja uipeleke katikati.

Kabla hujachoma, andaa pia orodha ya alama za uhakiki. Ukiwa ndani ya folda ya `harusi`:

`find . -type f -exec sha256sum {} + > ../ORODHA.TXT`

Kwenye Mac badala ya `sha256sum` ni `shasum -a 256`. Hamishia ORODHA.TXT ndani ya folda kisha utengeneze ISO upya. Miaka kumi baadaye, mwenye diski akitaka kujua kama mafaili bado ni mazima, jibu analo. Kwenye Windows atapima faili mojamoja kwa `certutil -hashfile jina.jpg SHA256`.

Hatua ya 6: Choma na uifunge

Kufunga diski ni kuandika kwamba imekamilika na hakuna kitakachoongezwa. Diski isiyofungwa inasomeka kwenye draivu iliyoichoma na nyingine chache, lakini deki na kompyuta za zamani zinaiona tupu. Kwa hiyo kataa kila chaguo la kuacha nafasi ya kuongeza baadaye. Kuchoma kwa awamu nako kuna hasara yake: kuna mashine inayoona awamu ya kwanza tu, na nyingine ya mwisho tu, hivyo watu wawili wenye diski moja wanabishana kuhusu kilichomo.

Linux, kwa DVD:

`growisofs -dvd-compat -Z /dev/sr0=harusi.iso`

Linux, kwa CD:

`wodim -v dev=/dev/sr0 speed=16 -dao harusi.iso`

Mac: `hdiutil burn harusi.iso`. Kompyuta za Mac za sasa hazina draivu ya ndani, kwa hiyo utaunganisha ya nje kwa USB. Windows: bofya ISO kwa kitufe cha kulia, chagua "Burn disc image", na uweke tiki kwenye "Verify disc after burning".

Chukua CD-R au DVD-R. Zile za kuandikwa upya, RW, zinarudisha mwanga hafifu zaidi, na draivu za zamani zinashindwa kuzisoma. Kasi iwe ya katikati, si ya juu kabisa. Usibandike karatasi juu ya diski. Ikikauka au kujikunja inaiyumbisha ikizunguka kwa kasi. Andika kwa kalamu laini isiyo na spiriti, ikiwezekana kwenye duara la katikati. Kwa wa mwambao, unyevu unaotesha ukungu kwenye makasha ya plastiki ni adui wa kweli: hifadhi diski wima, mahali pakavu, mbali na dirisha.

Hatua ya 7: Isome tena, kwenye mashine nyingine

Itoe diski, irudishe, uisome yote. Kwenye Linux, `isoinfo -d` ilikupa "Volume size", tuseme 2150400. Tumia namba yako hiyohiyo:

`dd if=/dev/sr0 bs=2048 count=2150400 | sha256sum`

Kisha rudia amri hiyo juu ya ISO yenyewe, `if=harusi.iso` badala ya `/dev/sr0`, na namba ileile. Majibu mawili yafanane. Ile `count` ni ya lazima, kwa sababu mwishoni mwa diski kunaweza kuwa na vipande vya kujaza nafasi ambavyo si sehemu ya mafaili, navyo vinabadilisha jibu.

Baada ya hapo ipeleke kwenye kompyuta ya mfumo tofauti na wako. Jirani, ofisini, kwenye kibanda cha kuchapa barua, popote. Jaribio lililofanyika kwenye mashine iliyochoma halitoshi.

Diski ya deki

Bibi hataki orodha ya mafaili, anataka harusi ianze akibonyeza kitufe. Mtengenezee diski yake peke yake. Deki nyingi za zamani hazijui H.264, zinataka DVD-Video, yaani MPEG-2 ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, iliyochomwa kwa UDF 1.02 pamoja na ISO 9660. DVDStyler inafanya kazi hiyo bure kwenye Windows, Mac na Linux. Chagua PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Afrika Mashariki enzi za analojia. Kama tayari una folda ya VIDEO_TS iliyokamilika ndani ya `deki/`:

`genisoimage -dvd-video -V HARUSI_TANGA -o deki.iso deki/`

Diski za hospitali

Hizi nazipa nafasi yake kwa sababu zinabeba uzito mkubwa kuliko harusi. Mgonjwa aliyepigwa CT scan au MRI akipewa rufaa ya kwenda mbali, hata India, anabeba picha zake kwenye CD, na daktari wa huko akishindwa kuifungua kipimo kinarudiwa kwa gharama.

Picha hizo ni za mfumo wa DICOM, na kwa CD mfumo huo unataka ISO 9660 ya kiwango cha 1. Ndiyo maana utakuta majina kama IM000001, bila kiambishi chochote, na faili moja la nje liitwalo DICOMDIR ambalo ndilo orodha ya vyote. Usibadilishe jina lolote. Usihamishe folda ya picha peke yake ukaiacha DICOMDIR. Ukitaka nakala, tengeneza ISO ya diski nzima, kisha ichome kama ilivyo.

Mara nyingi diski yenyewe inafunguka kila mahali. Kinachogoma ni programu ya kuangalia picha iliyowekwa ndani, ambayo ni faili la .exe la Windows. Mwenye Mac akiibofya hakuna kinachotokea, anadhani diski imekufa. Picha zi salama. Weasis inazifungua kwenye mifumo yote mitatu, na Horos ipo kwa Mac: unaielekeza kwenye DICOMDIR tu. Jina la mgonjwa limeandikwa ndani ya kila picha, kwa hiyo usizipandishe kwenye mtandao wowote wa kugeuza mafaili.

Ukipokea diski isiyofunguka

Anza kwa kuifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ijaribu kwenye draivu ya pili. Draivu za laptopu zinachoka kabla ya diski.

Ikiendelea kugoma kwenye Windows, mshuku HFS+ au UDF mpya. Kama una Linux, ingiza diski uandike `sudo blkid /dev/sr0`. Itakutajia aina: iso9660, udf, hfs au hfsplus. Linux inasoma zote hizo, kwa hiyo nakili mafaili kisha uyachome upya kwa hatua za juu. Bila Linux, soma diski iwe faili la ISO, ulifungue kwa 7-Zip, inayotambua ISO, UDF na HFS+. Diski za Mac za miaka ya 1990 zenye HFS ya zamani hazifunguki tena hata kwenye Mac yenyewe tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, hivyo njia ni ile ya Linux.

Ikionekana tupu huku upande wa chini ukionyesha duara la rangi iliyobadilika, haikufungwa. Irudishe kwa aliyeichoma aifunge kwenye mashine ileile.

Ikisoma nusu na kukwama, usiendelee kunakili faili mojamoja. Tumia ddrescue, ambayo inachukua kwanza sehemu nzima kisha kurudia zilizogoma:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 diski.iso diski.map`

`ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 diski.iso diski.map`

Lile faili la `.map` linakumbuka vilivyosomeka. Ukilihifadhi, unaweza kuipeleka diski kwenye kompyuta nyingine yenye draivu tofauti, ukaendelea na amri ya pili pale ulipoachia. Sehemu iliyoshindwa kwenye draivu ya kwanza mara nyingi inasomeka kwenye ya pili.